Nusu Kikombe cha Kilosa

Mikumi, jioni ya kufunga mizigo

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa jikoni nilipokaa. Uko uani unamcheka baba yako anavyolifunga sanduku lako kamba, utadhani ndani kuna mbuzi anayetaka kutoroka. Cheka tu. Kesho saa kama hizi nyumba itakuwa kimya, na sijui nitamgombeza nani.

Sitakuandikia habari za mashuka, wala za kuchagua marafiki, wala za kutokula vyakula vya njiani. Baba yako amekwisha kukuhubiria hayo tangu mwanzo wa wiki, na shangazi zako wameongeza yao. Mimi nina jambo moja, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Juzi tukichambua mchele nilijaribu. Jana uliponisuka nikajaribu tena. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mwandiko wangu ni ule wa kisomo cha watu wazima, unaujua, huwa unausoma kwa sauti ya kunikejeli. Leo nivumilie.

Jambo lenyewe ni lile ulilonitupia mwezi wa Ramadhani. Usijifanye umesahau. Nilikukuta umevaa gauni la mikono mirefu katika joto la mchana, nikakuambia vua hilo gauni, utazimia na hujafuturu. Ukanigeukia. Ukasema, "Mama, si wewe uliyenifundisha kuuficha mkono huu? Nilipoungua ukanipeleka Msowero kwa bibi, ukanisahau huko mpaka nikawa wa kwenda shule. Ulikuwa hutaki kuniona." Kisha ukaingia ndani ukajilaza kifudifudi. Mimi nikabaki na mwiko mkononi, uji wa futari unaungua.

Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa na bibi yako mzaa baba ndani yake, naye ulikuwa unampenda kuliko mtu yeyote duniani, pamoja na mimi. Halafu Mungu akamchukua, na matanga hayana nafasi ya maneno kama haya. Sasa kesho unakwenda Tabora kusomea ualimu. Ukiondoka na neno lile kifuani, najua hutarudi. Utaleta salamu, utaleta vitenge, lakini mwenyewe hutarudi. Mimi nilikwisha kukukosa mara moja, Zuhura, na sina nguvu ya kukukosa tena. Basi soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua watu wa njia hii ya reli wanavyowasema wauza chai wa stesheni ya Kilosa. Kikombe nusu, hakuna kuongeza, na ukiomba nyongeza wanakutazama kama umeomba binti yao bila mahari. Wewe mwenyewe uliporudi kutoka kwenye michezo ya shule ulituigizia pale sebuleni, umeshika kikombe kitupu, unachungulia ndani unauliza, "Jamani, hii chai ameinywa nani kabla yangu?" Baba yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilitoka nje nikasema nakwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Zamani chai ya Kilosa haikuwa hivyo. Ilisifika kwa nyongeza. Muuzaji alisimama chini ya dirisha la behewa na birika lake linatoa moshi, anakupa kikombe cha bati kimejaa pomoni. Unapiga mafunda mawili matatu, unatoa mkono nje, unasema, "Ongeza." Naye anainua birika juu ya kichwa chake anakumiminia hapo hapo dirishani, kikombe umekishika mwenyewe. Nyongeza haikulipiwa. Muuzaji asiyetoa nyongeza hakuuza, abiria walimzomea wakaita mwingine.

Hodari wao alikuwa mtu mmoja akiitwa Mihayo. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezi kujenga reli, hakurudi tena kwao. Na mimi, kama ujuavyo, ni Mkaguru wa Mamboya. Basi tulikuwa watani, na ulimi wangu siku hizo ulikuwa mkali kuliko sasa, usiseme haiwezekani. Kila nilipopita Kilosa kwenda kumwona mama yangu Mamboya, nilimtafuta Mihayo kwanza, chai baadaye.

"Loo, Mkaguru ameshuka mlimani!" anapiga kelele kutoka mwisho wa stesheni. "Nani amekufungulia kamba?"

"Nimekuja kutazama kama umekwisha kufa, nichukue birika langu."

"Birika lako lipo. Utalirithi na madeni yake."

Watu wanacheka behewa zima. Tulipendana kwa matusi yale. Hukuwahi kuniona hivyo, mimi umenijua nikiwa mtu wa kusema kidogo.

Siku moja nilikuwa narudi Mikumi peke yangu, wewe nimekuacha kwa jirani. Mshikio wa birika la Mihayo ulikuwa umekatika upande mmoja, na yeye ameufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira umelainika kwa moto. Nikanywa, nikatoa mkono, nikasema ongeza. Alipoinua, birika likalala upande mmoja na chai ikanishukia hapa kwenye kifundo cha mkono. Hili kovu ambalo siku zote nimekuambia ni la jiko, si la jiko.

Mihayo alishtuka. Utani wote ulimtoka usoni. "Mtani, nimekuunguza! Wallahi kesho nalipeleka birika kwa fundi."

Ningeweza kusema, ndiyo, lipeleke, tena usimmiminie mtu mwingine dirishani mpaka litengenezwe. Maneno hayo yangenigharimu nini? Lakini madirisha yote yalikuwa yanatutazama, na mtani anayekasirika ndiye anayechekwa. Mkono unanichoma mpaka machozi yananilengalenga, mimi nikacheka. Nikamwambia, "Liache! Fundi ataniibia birika langu. Kumbe hivi ndivyo Wanyamwezi mnavyopika watu?" Naye kwa kuona nacheka akapata roho, akasema, "Tulia, sasa ndiyo unaanza kuiva." Behewa likaangua kicheko. Gari likaondoka.

Nyumbani baba yako akaniuliza, nikamwambia nimejiunguza na sufuria. Nilimdanganya kwa sababu ya aibu tu. Ningemwambia ni Mihayo angekwenda kumgombeza mtani wangu, nami ningeonekana mtu asiyejua utani. Aibu ndogo kama ile, mwanangu, ndiyo iliyofanya yote haya.

Haikupita mwezi nikakupeleka Mamboya mama yangu akuone. Ulikuwa umeanza kutembea kwa fujo, hukamatiki. Tukirudi, tukapanda gari la Mikumi pale Kilosa, nikakuweka mapajani karibu na dirisha kwa sababu ulitaka kuona kichwa cha gari kinavyorudi nyuma kuunganishwa na mabehewa. Mihayo akaja na birika.

Mpira wa baiskeli ulikuwa pale pale. Niliuona, Zuhura. Nataka uelewe hapo kabla ya kuendelea. Niliuona kwa macho yangu haya.

Akanipa kikombe, nikanywa, nikatoa mkono. "Ongeza."

Akakutazama wewe. "Una mtoto, mtani. Kunywa hicho kwanza."

Na mimi, mbele ya watu, nikasema, "Mtoto wangu hali Wanyamwezi, usiogope. Leo mbona mchoyo? Ongeza, bwana."

Akaongeza. Kichwa cha gari kikagonga mabehewa, sote tukayumba, mshikio ukatoka, na wewe wakati huo ulikuwa umenyoosha mkono kuushika mvuke. Sitaandika ulivyolia. Kuna siku bado nakusikia nikiwa naosha vyombo. Mtu mmoja alikuwa anapiga kelele leteni unga, mwingine anasema dawa ya meno, mimi nakushusha gari na nguo zako zimeganda mwilini, na Mihayo amekaa chini kwenye kokoto ameshika mshikio mtupu.

Ulilazwa hospitali mvua zikaanza, zikakolea. Baba yako alipouona mkono wako ulivyojikunja, alitoka nje akalia akiwa amesimama, hata ukuta hakuushika. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akaenda Mahakama ya Mwanzo pale Kilosa kumdai Mihayo fidia ya mkono wa mwanawe. Ndugu zake wa Msowero wakamuunga mkono, bibi yako mbele.

Kabla ya siku ya kesi Mihayo akaja hapa Mikumi, baba yako akiwa kazini. Alikataa kiti. Alikaa kizingitini, kofia mapajani, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Mtani," akasema, "mimi nitasema gari lilishtuka. Na kweli lilishtuka. Wewe nawe useme hivyo hivyo. Ile ya kwanza tuiache mimi na wewe."

"Watu waliona."

"Walikuwa abiria, wameshakwenda zao. Anayejua ni mimi na wewe. Nikisema birika lilikwisha kuunguza mtu na sikulitengeneza, nimekwisha, na watoto wangu wanakula kwa birika hilo. Na wewe je? Wakijua kwamba ulijua?"

Hakusema kwa kunitisha. Nikamwambia, "Haya. Tuiache." Tukapeana mikono, wake wa kulia na wangu huu wenye kovu.

Siku ya kesi chumba kilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa kijana, miwani, na pembeni yake wazee washauri wawili. Baba yako alisimama upande mmoja, Mihayo upande mwingine. Bibi yako alikaa benchi la mbele amekupakata, mkono wako umefungwa bendeji mpaka kwenye bega. Alikuwa amekuchukua kwangu mlangoni akisema, "Lete mjukuu wangu, wewe una kazi ya kutoa ushahidi."

Mihayo akaapa, akasema gari lilishtuka.

Hakimu akamuuliza, "Gari hushtuka likiunganishwa mabehewa siku ngapi?"

"Kila siku, mheshimiwa."

"Basi ulijua litashtuka."

Mihayo akajaribu njia nyingine. Wauza chai wa stesheni walikuwa wametiwa katika kikundi cha ujamaa, kila mmoja ameleta alichonacho, naye ameleta birika. Akasema birika si lake tena, ni la kikundi, na kama kuna kosa basi ni la wote.

Mzee mshauri mmoja akacheka kidogo. "Kikundi kizima kilikuwa kimeshika mshikio?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema, "Birika ni la kikundi, nimekubali, na kikundi kitaulizwa. Sasa nijibu wewe uliyelishika. Kabla ya siku hiyo, birika hili liliwahi kumuunguza mtu?"

Mihayo hakunitazama. Alitazama kofia yake, akasema, "Halijawahi, mheshimiwa."

Nikaitwa mimi.

Nikaapa kwa msahafu, mwanangu, na hata baada ya kuapa nilikuwa nimekusudia kusema uongo. Usidhani mama yako alisimama pale akiwa shujaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama mtoto anayekariri, gari lilishtuka, gari lilishtuka. Wakati huo huo mhudumu wa mahakama akaingia na chai ya hakimu. Kikombe juu ya kisahani, mvuke unapanda. Akapita mbele ya benchi la bibi yako.

Ulikiona. Ukapiga yowe ambalo sijalisikia kwa kiumbe mwingine, ukaufunika mkono wako wa bendeji kwa mkono mzima, ukajificha ndani ya kanga ya bibi yako, huku unaita, "Mama, moto! Mama, moto!" Ulikuwa unanionya mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na kile kikombe, nawe katika hofu yako yote ulikuwa unaniambia nisogee.

Mimi mtu mzima sikuwa nimekuonya wewe.

Nikavuta mkono wa nguo. Nikasema, "Mheshimiwa, liliwahi kuniunguza mimi. Hili hapa."

Mihayo akafumba macho. Baba yako akageuka kunitazama, na najua alikumbuka sufuria niliyomdanganya nayo.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mdaiwa alijua kwamba amekuunguza?"

"Alijua. Alisema atalipeleka kwa fundi."

"Wewe ukamwambia nini?"

Hapo ndipo ningeweza kukwepa, hakuna aliyejua. Nikasema, "Nilimwambia aliache. Nilicheka."

"Kwa nini ulicheka?"

"Ni mtani wangu."

Yule mzee mshauri wa pili, ambaye muda wote alikuwa kama amesinzia, akainua kichwa. "Binti, utani ni wako na yeye. Mtoto huyu ana utani na nani?"

Nikakutazama pale ndani ya kanga ya bibi yako.

Hakimu akaendelea. "Siku ya mtoto, uliona kwamba birika halijatengenezwa?"

"Niliona."

"Na nani aliyetaka nyongeza?"

"Mimi. Yeye alikataa kwanza. Alisema nina mtoto."

Nilisema hilo kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu nilikwisha kumvunjia Mihayo ahadi, sikuona haki nimbebeshe na mzigo wangu. Nyuma yangu nikasikia watu wanaguna. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mama gani huyo?" Hakuna aliyemnyamazisha.

Hukumu ilitoka baadaye siku hiyo hiyo. Hakimu alisema aliyemimina kinywaji cha moto kwa chombo alichojua ni kibovu ana kosa, hata kama gari lilishtuka, hata kama chombo ni cha kikundi, hata kama mnunuzi mwenyewe alitaka. Mihayo na kikundi chake wagharimie matibabu yako mpaka mwisho. Lakini fidia ile kubwa baba yako aliyoitaka hakumpa, kwa kuwa mama wa mtoto alijua hatari na bado akanyoosha kikombe. Akamaliza kwa kusema, "Mdaiwa ana kosa, na mama ana kosa. Mtoto hana." Karani akagonga muhuri.

Kwenye ngazi za mahakama nilinyoosha mikono nikupokee. Bibi yako akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekusikia kwa masikio yangu," akasema. "Ulijua. Huyu harudi kwako mpaka mimi niridhike."

"Mama, shikamoo, nakuomba," nikasema, upuuzi mtupu, kumwamkia mtu niliyekwisha kumwamkia asubuhi. Ila ulimi ulitafuta neno lolote la heshima. Hakuitikia marahaba. Nikamtazama baba yako. Akatazama chini. Usimlaumu. Alikuwa amepoteza fidia ile kwa mdomo wa mkewe, na jana yake tu alikuwa ananiambia sisi tutashinda. Bibi yako akapanda nawe lori la Msowero, kichwa chako kiko begani kwake, mkono mweupe wa bendeji unaning'inia, unanitazama mimi ninavyobaki.

Hivyo ndivyo ulivyokwenda Msowero. Sikukupeleka. Nilinyang'anywa, na nilinyang'anywa kwa sababu nilisema kweli juu ya kosa langu, na sikujitetea kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli. Umenielewa? Sikuwahi kuchukizwa na mkono wako hata siku moja. Mkono ule nilikuwa nauota. Kila nilipopata nafasi nilikuja, bibi yako akanikaribisha vizuri, akanipikia, lakini kulala nawe hakuniruhusu. Nawe ulikuwa unajificha nyuma yake, unaniita "mama wa Mikumi". Nilicheka mbele yako. Njiani nilijifunika kanga kichwani mpaka Kilosa.

Gauni la mikono mirefu, ni kweli, la kwanza nilikushonea mimi. Jua lilikuwa linakuchoma kovu, ngozi changa inababuka. Hukuambiwa sababu, ukajitungia yako. Nilikosa hapo pia. Mtoto asipoambiwa hujieleza mwenyewe, na wewe ulijieleza vibaya miaka yote mimi nikinyamaza.

Ulirudi kwangu kwa mkono wa bibi yako mwenyewe. Alikuja siku moja bila taarifa, amekushika, una begi la shule. Nikamwandalia chai. Nilikiweka kikombe katikati ya meza, mbali na ukingo, nikaugeuza mshikio wake, nikakusogeza wewe upande wa pili, nikasema "moto" kabla ya kukiachia. Sikujua kama natazamwa, mikono ilikuwa imekwisha kuzoea. Bibi yako akanywa mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Haya. Nimekuletea mwanao." Hatukuzungumza zaidi ya hapo, si siku ile wala siku yoyote, na nilipoiosha maiti yake nilimwambia ahsante sikioni.

Sasa utaniuliza, mama, kama ungejua watakunyang'anya mimi, ungesema? Nimejiuliza hivyo nikiwa shambani, nikiwa safarini, nikiwa naswali, Mungu anisamehe. Sijui, Zuhura. Ningependa kukuandikia kwamba ningesema. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile niliyocheka ndiyo siku ningepaswa kusema, na siku ile kusema kulikuwa rahisi, hakukuhitaji hakimu wala msahafu.

Utakuwa mwalimu. Watu watakupa watoto wao asubuhi na kukudai wakiwa wazima jioni. Mara nyingine utauona ule mpira wa baiskeli, mahali penyewe sijui ni wapi, kwenye ngazi, kwenye sufuria ya uji wa shule, kwenye mwalimu mwenzako mwenye hasira. Na kutakuwa na watu wanaotazama, na itakuwa aibu kuwa wewe ndiye wa kuharibu kicheko. Kiharibu. Wakuite mkali, wakuite huna utani. Mimi nitakuwa huku nakusifu.

Baba yako ananiita, anataka kisu akate kamba. Nimalizie.

Kesho gari la hapa litakushusha Kilosa, nawe utangoja gari la bara. Wauza chai watakuja. Kati yao yuko mzee mwenye mvi, mrefu, anachechemea kidogo. Huyo ni Mihayo. Sijasema naye neno tangu mahakamani. Aliponipita pale mlangoni siku ya hukumu alisema tu, "Mtani, umenizika," na hakuwa anatania. Lakini nasikia habari zake. Aliporudi stesheni baada ya hukumu, alilitupa lile birika, akanunua jingine. Akaacha kumimina dirishani. Alijazia vikombe kwenye meza, mbali na reli, akavibeba vikiwa nusu, ili gari likishtuka kisimwagike kitu, na kila kimoja alikitoa akisema "moto". Wenzake walimcheka. Abiria walimtukana, wakamwita mchoyo, wakamkimbia, na msimu ule alikaribia kufa njaa na watoto wake. Hakubadilika. Akadai na kikundi kizima kifanye hivyo hivyo, wakagombana karibu kupigana, mwishowe mmoja mmoja wakafuata. Leo hakuna anayekumbuka ilianza vipi. Wanasema tu watu wa Kilosa ni wachoyo.

Kile kikombe ulichotuigizia sebuleni, mwanangu, kinajazwa nusu kwa sababu ya mkono wako. Watoto wote waliokaa mapajani mwa mama zao kwenye madirisha yale tangu siku hiyo, wamepita Kilosa salama.

Akikufikia, mwamkie shikamoo. Kunja mkono wa gauni lako mpaka kwenye kiwiko, upokee kikombe kwa mkono huo huo. Atakujua. Sijui atasema nini, labda hatasema kitu, labda atakuuliza kama Mkaguru yule mwenye mdomo bado yu hai. Mwambie yu hai, na bado anataka birika lake.

Kisha unywe chai yako polepole. Na usimwombe nyongeza.

Mama yako